Muhuri wa Wema Usichukue Nafasi ya Sauti ya Mkulima

Kahawa inayovunwa katika milima ya Mbinga hupimwa mara mbili kabla haijamfikia mnywaji. Kipimo cha kwanza ni cha punje na ladha. Ikishakobolewa huchekechwa na kutenganishwa kwa ukubwa, AA, A, B na nyinginezo, kisha waonjaji huionja na kuipa daraja. Kipimo cha pili ni cha mwenendo. Hapo huulizwa kama watoto hawakutumikishwa shambani, kama kibarua alilipwa haki yake, kama dawa ya wadudu haikuingia mtoni na kama msitu haukufyekwa ili kupanda mibuni. Anayefaulu hupewa cheti, na muhuri wa cheti hicho hubandikwa kwenye pakiti ya kahawa huko London au Chicago.

Vipimo hivi viwili havifanani hata kidogo. Kipimo cha kwanza hurudiwa. Mnunuzi mnadani naye ana ulimi. Akidanganywa na daraja la mwonjaji, ataonja mwenyewe na kugundua, na siku nyingine hataliamini daraja hilo. Kipimo cha pili hakirudiwi. Hakuna ulimi duniani uwezao kuonja katika kikombe kama mama aliyechuma kahawa ile alilipwa au alidhulumiwa. Mnywaji hana njia isipokuwa kuamini neno la mtu wa tatu, yaani shirika ambalo si mwuzaji wala mnunuzi, lililokwenda kukagua na kurudi na alama.

Basi ni haki kuuliza neno la mtu huyo wa tatu lina uzito gani. Swali hili halimhusu mnywaji wa ng'ambo peke yake. Linamhusu mkulima wa Namswea na wa kata zote za Umatengo, ambaye jasho lake ndilo linalopewa alama. Linawahusu pia watumishi wa serikali na walimu, maana ndio wanaoishi na mkulima huyo mwaka mzima, wakati mkaguzi hukaa siku chache na kuondoka.

Muhuri ulitoka wapi

Lazima ieleweke kwamba mihuri hii haikuletwa na hila tupu. Hadi Julai 1989 biashara ya kahawa duniani iliongozwa na mkataba wa kimataifa uliogawa mafungu ya mauzo kwa kila nchi na kuzuia bei isianguke mno. Mkataba ule ulipovunjika, bei iliachwa ijiendee yenyewe. Mwaka 2001 ilianguka chini ya senti 50 za Marekani kwa ratili moja, na wakulima wa Afrika na Amerika ya Kati wakauza kwa hasara. Ndipo watu wenye huruma wa Ulaya, ambao tangu mwaka 1988 walikuwa wameanzisha nchini Uholanzi alama ya biashara ya haki iliyoitwa Max Havelaar, walipozidi kusikilizwa.

Wakati ule bei ya chini kabisa iliyokubaliwa katika biashara hiyo ya haki, pamoja na nyongeza ya jamii, ilikuwa dola 1.26 kwa ratili ya kahawa safi ya arabika. Kwa chama cha ushirika kilichofaulu kuuza hata gunia chache kwa bei hiyo, tofauti ilikuwa kubwa. KCU ya Kagera na KNCU ya Kilimanjaro vilikuwa miongoni mwa vyama vya Afrika vilivyoingia mapema katika utaratibu huo. Bei hiyo ya chini ilipanda hadi dola 1.40 mwaka 2011, na tangu Agosti 2023 ni dola 1.80, mbali na nyongeza ya senti 20. Anayesema kwamba mihuri yote ni bure hasemi kweli.

Lakini mlango uliofunguliwa na watu wema wakapita humo na wafanyabiashara. Shirika la UTZ lilizaliwa kwa ushirikiano na kampuni ya kukaanga kahawa, na mwaka 2018 likaungana na Rainforest Alliance. Mwaka 2004 Starbucks ilitunga masharti yake yenyewe na kuyaita C.A.F.E. Practices. Katika mihuri ya aina hii hakuna bei ya chini iliyopangwa kwa kahawa. Nyongeza ni ya kupatana, na katika mapatano hayo mnyonge anajulikana ni nani. Hivyo neno moja, cheti, likaja kubeba mambo mawili yaliyo mbalimbali: ahadi ya bei kwa mkulima, na ahadi ya jina jema kwa kampuni.

Jinsi shamba linavyokaguliwa

Wengi wanaoona muhuri kwenye pakiti hudhani kwamba kila shamba limetembelewa. Sivyo. Wakulima wadogo hupewa cheti kwa kikundi. Kikundi huweka wakaguzi wake wa ndani, ambao hupita kwa wanachama na kujaza fomu. Mkaguzi wa nje akifika hukagua fomu hizo, kisha hutembelea baadhi ya mashamba. Kanuni iliyozoeleka kwa miaka mingi ni ya kipeuo cha pili cha idadi ya wanachama. Mwalimu wa hesabu ataona mara moja maana yake: kikundi cha wakulima 900 kitatembelewa mashamba 30. Mashamba 870 yaliyobaki yatathibitishwa kwa karatasi.

Kuchagua sampuli si kosa. Hata daktari hapimi damu yote ya mgonjwa. Lakini sampuli ni ya kuaminika pale tu anayeichagua asipokuwa na masilahi katika matokeo, na pale yule anayeulizwa anapoweza kujibu bila hofu. Mambo yote mawili yana shaka. Tarehe ya ukaguzi kwa kawaida hujulikana mapema. Mgeni huongozwa na mtumishi wa kikundi au wa kampuni inayosafirisha kahawa. Kibarua akiulizwa kama analipwa vizuri, huku aliyemwajiri amesimama hatua mbili nyuma, atajibu nini?

Yaliyotokea Kenya yanatosha kuwa onyo. Mashamba ya chai ya Unilever huko Kericho yalipewa muhuri wa Rainforest Alliance mwaka 2007. Februari 2023 zaidi ya wanawake 70 waliofanya kazi katika mashamba ya chai yaliyoendeshwa kwa miaka mingi na Unilever na James Finlay walilieleza shirika la BBC kwamba walidhulumiwa kijinsia na wasimamizi wao. Habari hiyo ilitolewa na waandishi waliokwenda kusikiliza kwa siri. Haikutoka katika fomu za ukaguzi. Januari 2024 chama cha kutetea walaji nchini Marekani kiliishtaki Starbucks kwa madai kwamba inawadanganya wanunuzi inapojisifu kuwa kahawa na chai yake hupatikana kwa njia za haki, na miongoni mwa mifano kilichoitaja ni hiyo ya Kenya.

Nani anamlipa mkaguzi

Ugonjwa wenyewe umejificha katika malipo. Katika utaratibu ulioenea, anayekaguliwa ndiye anayemlipa mkaguzi. Ni sawa na mwanafunzi kumchagua mwalimu wa kumsahihishia mtihani, akamlipa, na mwaka ujao akawa huru kumwacha na kumtafuta mwingine aliye mpole zaidi. Mwalimu anaweza kuwa mwaminifu, na wako wakaguzi waaminifu wengi. Lakini hakuna wizara ya elimu ambayo ingekubali kuendesha mitihani ya taifa kwa mtindo huo.

Matunda ya mtindo huo yameonekana duniani. Agosti 2012 kiwanda cha nguo cha Ali Enterprises mjini Karachi kilipewa cheti cha kimataifa cha hali njema ya wafanyakazi kutoka kwa kampuni ya Kitaliani ya RINA. Tarehe 11 Septemba mwaka huo huo kiwanda kiliungua na watu zaidi ya 250 wakafa. Mahakama ya Pakistan baadaye iliamua kwamba moto uliwashwa makusudi. Lakini madirisha yenye nondo na milango iliyofungwa, ambayo iliwanyima wafanyakazi njia ya kutokea, havikuwekwa usiku ule. Vilikuwapo siku cheti kilipotolewa. Mwaka 2018 tawi la kampuni ya Kijerumani TÜV SÜD lilitoa hati ya usalama kwa bwawa la mabaki ya madini la kampuni ya Vale huko Brumadinho, Brazil. Tarehe 25 Januari 2019 bwawa lilipasuka na kuua watu 270. Na Septemba 2015 Volkswagen ilitajwa kuwa ya kwanza miongoni mwa kampuni za magari katika orodha mashuhuri ya kampuni zinazojali jamii na mazingira. Kabla mwezi haujaisha ikafichuliwa kwamba imekuwa ikiweka mitambo ya kudanganya vipimo vya moshi.

Wasomi nao wamelichunguza jambo hili. Watafiti watatu, Berg, Kölbel na Rigobon, walichapisha mwaka 2022 utafiti uliolinganisha alama za mashirika sita makubwa yanayopima wajibu wa kampuni kwa jamii na mazingira. Endapo mashirika mawili yangekubaliana kabisa, kipimo cha upatano wao kingekuwa 1. Wastani uliopatikana ulikuwa 0.54. Zaidi ya nusu ya tofauti zao ilitokana na jinsi kila shirika linavyopima jambo lile lile. Ni kama walimu sita wanaosahihisha karatasi moja, huyu akatoa alama 80 na yule 35, na kila mmoja akadai kwamba amepima ujuzi wa mwanafunzi. Ulaya yenyewe imeliona tatizo hili, na mwaka 2024 Umoja wa Ulaya ulipitisha kanuni za kuwasimamia watoa alama hao, ikiwa ni pamoja na kupunguza migongano ya masilahi katika shughuli zao.

Ikiwa wenye fedha wa Ulaya wanataka walindwe dhidi ya alama zisizoaminika, mkulima wa Mbinga alindwe na nani?

Cheti ni cha nani

Kuna jambo jingine ambalo husemwa kwa sauti ya chini. Katika baadhi ya mihuri mwenye cheti anaweza kuwa kampuni inayonunua na kusafirisha kahawa. Mkulima amechimba shimo la takataka, amejenga stoo ya dawa, amenunua mavazi ya kupulizia, ameacha kutumia dawa zilizokatazwa na amejaza daftari kila wiki; lakini cheti si chake. Akitaka kumwuzia mnunuzi mwingine anayetoa bei nzuri zaidi, kahawa yake inageuka kuwa kahawa isiyo na cheti. Jasho ni la mkulima, hati ni ya kampuni. Utaratibu huo una harufu ya ule wa zamani, ambapo mzani ulikuwa mali ya mnunuzi na mwuzaji hakuruhusiwa kuusoma.

Tena si kahawa yote yenye cheti inayouzwa kwa cheti. Kwa miaka mingi kahawa iliyothibitishwa duniani imezidi ile inayonunuliwa kwa muhuri huo. Gharama za masharti hulipwa kwa gunia zote, na nyongeza hupatikana kwa gunia chache.

Upande mwingine, fomu haioni kila jema wala kila baya. Wamatengo wamelima kwa ngoro kwa vizazi vingi. Majani hukatwa na kupangwa kwa miraba kwenye mteremko, udongo ukachimbwa na kufunika majani hayo, na shimo likabaki katikati kukusanya maji ya mvua. Kwa njia hiyo milima mikali imelimwa mahindi na maharage bila udongo wake kuchukuliwa na mvua. Watafiti kutoka mbali, pamoja na wa Chuo Kikuu cha Sokoine, wamekuja kujifunza elimu hiyo. Ilikuwapo kabla shirika lolote la muhuri halijazaliwa, na hakuna aliyeilipia nyongeza.

Na yapo mabaya yasiyoonekana. Mwaka 2014 watafiti wa chuo cha SOAS cha London walitoa matokeo ya uchunguzi wao huko Ethiopia na Uganda. Waliona kwamba vibarua katika maeneo yenye vyama vya biashara ya haki walilipwa kidogo kuliko vibarua wa maeneo mengine. Shirika la Fairtrade lilipinga ulinganisho huo, na mjadala ulikuwa mkali. Lakini jambo moja halikukanushika: muhuri uliotungwa kwa ajili ya mwenye shamba dogo ulikuwa umemsahau asiye na shamba kabisa. Vivyo hivyo, sehemu ya maji ya milima ya Mbinga huteremka kwa mto Ruhuhu hadi Ziwa Nyasa. Mvuvi wa ufukweni hayumo katika orodha ya kikundi chochote cha kahawa. Lakini maji yakichafuliwa huko juu na mitambo ya kumenyea kahawa, atakayeumia ni yeye.

Ushahidi uko kwa watumishi

Dawa ya tatizo hili haihitaji kuagizwa kutoka nje. Sheria za nchi zimekwisha kuweka wakaguzi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya umri wa miaka 14. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka huo huo inalinda vyanzo vya maji. Vyama vya ushirika hukaguliwa hesabu zao na COASCO, shirika lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1982, na taarifa ya ukaguzi hupelekwa mbele ya mkutano mkuu wa wanachama. Ukaguzi huo haukuzuia kila wizi; wakulima wa Mbinga waliokiona chama chao kikuu, MBICU, kikianguka katika miaka ya 1990 hawahitaji kukumbushwa. Lakini msingi wake ni wa haki: anayeguswa na hesabu husomewa hesabu, na ana ruhusa ya kusimama na kubisha.

Msingi huo huo utumike kwa mihuri. Kila shirika linalokagua wakulima wa wilaya liwajibike kuacha nakala ya taarifa yake, kwa Kiswahili, katika ofisi ya kijiji na ya chama cha msingi, na taarifa isomwe mkutanoni. Mkulima ajue alipewa alama gani, kwa kosa lipi, na kampuni ilipata nyongeza kiasi gani kwa kahawa yake. Cheti kiwe mali ya chama cha wakulima, kama ilivyo katika mihuri iliyo bora. Kwa kuwa mwaka 2018 serikali iliagiza kahawa ya wakulima wadogo iuzwe kupitia vyama vya ushirika, chombo cha kushika cheti hicho kipo. Kinachotakiwa ni kukiimarisha.

Zaidi ya hayo, ushahidi ulio bora kuliko fomu yoyote umelala katika makabati ya watumishi wa umma. Daftari la mahudhurio la shule ya msingi linasema wazi ni watoto gani hutoweka darasani msimu wa kuchuma kahawa unapofika. Daftari la zahanati linasema ni nani aliletwa akitapika baada ya kupulizia dawa. Bwana shamba anajua dawa gani inauzwa dukani na ipi inatumiwa shambani. Mtendaji wa kijiji anajua ni kibarua gani alilalamika kwamba hakulipwa. Mkaguzi ambaye hakuomba kuona madaftari hayo hajakagua, na mtumishi anayeficha yaliyomo ili wilaya ipate sifa njema anashiriki katika udanganyifu.

Wilaya ya Mbinga inatoa pia makaa ya mawe huko Ngaka, na kwa upande wa madini sheria imekwenda mbali zaidi. Marekebisho ya mwaka 2017 ya Sheria ya Madini yanamtaka mwenye leseni aandae kila mwaka mpango wa wajibu wake kwa jamii na kukubaliana na halmashauri ya mahali. Hapo anayepima wema wa kampuni si mgeni anayelipwa na kampuni. Ni halmashauri yenye madiwani waliochaguliwa na wananchi hao hao. Bila shaka diwani naye anaweza kulala usingizi. Lakini diwani aliyelala huamshwa kwa kura, na mkulima wa Namswea hana kura yoyote ya kumwondoa mkaguzi wa shirika la ng'ambo.

Hakuna haja ya kuifukuza mihuri. Soko la nje linaitaka, na bei nzuri haikataliwi. Ipokewe kama tangazo la biashara linalopaswa kuthibitishwa kila msimu. Isipokewe kama hukumu ya mwisho juu ya haki. Afisa kazi asiseme kwamba shamba fulani halihitaji kutembelewa kwa sababu lina cheti. Afisa mazingira asipite mto bila kuchota maji kwa sababu mtambo ulio juu yake una muhuri. Mwalimu naye, anapoita majina asubuhi na kukuta madawati matupu katika msimu wa mavuno, aandike ukweli katika daftari lake na kuupeleka panapohusika, hata kama kahawa ya kijiji hicho imebandikwa alama nzuri kuliko zote duniani.